Ukuta Uliopakwa Chokaa: Mafunzo ya Sinema Moja kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Utangulizi

Mwanachuo akiambiwa kwamba leo ataonyeshwa sinema inayohusu vita, mara moja hutazamia bunduki, moshi na mbio. Sinema tunayokusudia kuieleza katika makala haya haina mambo hayo isipokuwa kwa dakika chache tu. Ni sinema ya utulivu. Sehemu yake kubwa inamwonyesha mtu mmoja amepanda juu ya jukwaa la mbao ndani ya kanisa la kijijini, akibandua chokaa ukutani kidogo kidogo, na mtu mwingine nje, katika uwanja wa kanisa hilo, akichimba udongo. Wote wawili wametoka vitani. Hakuna daktari anayewatibu. Hata hivyo, majira ya joto yanapokwisha, hawako tena kama walivyofika.

Jina la sinema hiyo ni A Month in the Country, yaani mwezi mmoja wa kukaa shamba. Ilitolewa Uingereza mwaka 1987, nayo iliongozwa na Pat O'Connor. Imetokana na riwaya yenye jina hilohilo iliyotungwa na J. L. Carr na kuchapishwa mwaka 1980. Hapa pana jambo ambalo wasomaji wetu watalifurahia. Bwana Carr, aliyezaliwa Yorkshire mwaka 1912 na kufariki mwaka 1994, hakuwa mtunzi tu, bali alikuwa mwalimu. Kwa muda wa miaka kumi na mitano hivi, hadi mwaka 1967, alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika mji wa Kettering. Kwa hiyo si ajabu kwamba hadithi yake, ingawa haimo ndani ya darasa, inafundisha mambo ambayo mwalimu wa watoto wadogo anayahitaji kila siku.

Hapana budi tuseme mapema kwamba sinema hii si ya kuonyeshwa watoto wa shule ya msingi. Imo ndoto ya kutisha ya uwanja wa vita, na yamo mambo ya watu wazima. Ni sinema ya wanachuo na wakufunzi wao. Kinachopelekwa darasani ni mbinu na moyo wa kazi.

Muhtasari wa hadithi

Ni mwaka 1920, katika kijiji cha kubuniwa kiitwacho Oxgodby, kaskazini mwa Uingereza. Kijana aitwaye Tom Birkin anashuka kutoka garimoshi huku mvua ikinyesha. Nguo zake ni chakavu, fedha hana, na mkewe amemwacha. Alipigana huko Passchendaele, na vita vimemwachia alama mbili zinazoonekana: shavu lake hutetemeka, naye hushikwa na kigugumizi kikali anapotaka kusema. Ameajiriwa kufichua picha ya kale iliyo ukutani mwa kanisa, chini ya safu za chokaa. Fedha za kazi hiyo zimetolewa katika wasia wa bibi mmoja aliyefariki. Kasisi wa kanisa, Bwana Keach, haipendi kazi yenyewe wala hampendi mfanyakazi. Birkin hana pa kulala, kwa hiyo analala katika chumba cha mnara wa kengele.

Karibu na kanisa amepiga hema mtu wa pili, James Moon. Wasia uleule umemlipa atafute kaburi la mmoja wa wahenga wa bibi yule, aitwaye Piers, aliyetengwa na Kanisa karne nyingi zilizopita na kuzikwa nje ya ardhi takatifu. Moon pia ametoka vitani, tena na nishani ya ushujaa. Yeye ni mcheshi na mwepesi wa maneno, na mtazamaji hudhani kwamba amepona kuliko mwenzake. Baadaye tunajua sivyo. Mtu mwingine aliyekuwa vitani anamwambia Birkin kwamba Moon alifungwa gerezani kwa ajili ya mapenzi na mwanamume mwenzake, jambo ambalo sheria ya Uingereza ya wakati ule ililihesabu kuwa kosa la jinai. Birkin anaibeba siri hiyo, na kazi yao ya pamoja inaendelea.

Wanakijiji nao wanaingia katika hadithi mmoja mmoja. Stesheni masta, Bwana Ellerbeck, ambaye pia ni mhubiri wa Kimethodisti, anamkaribisha Birkin mezani pake. Watoto wa bwana huyo, Kathy na mdogo wake, wanaleta gramafoni kanisani na kukaa chini wakisikiliza nyimbo huku Birkin akifanya kazi juu yao. Alice, mke wa kasisi, naye hufika kutazama picha inavyojitokeza. Baina yake na Birkin panazuka upendo ambao haukutamkwa wala haukutendwa.

Picha inayofichuliwa ni ya Siku ya Hukumu. Miongoni mwa watu wanaoanguka motoni yumo mmoja ambaye mchoraji alimpa sura ya mtu halisi, mwenye alama ya hilali katika paji la uso. Mwishoni Birkin na Moon wanalifungua kaburi wanalolitafuta, na pamoja na mifupa wanaona hilali. Ndipo wanapofahamu kwamba Piers alikuwa amesilimu, na kwamba hiyo ndiyo sababu ya kutengwa kwake. Kazi inakwisha, na kila mtu anaondoka kwenda njia yake.

Mambo ya historia yanayohitajika

Mkufunzi asiionyeshe sinema kabla ya kueleza mambo matatu.

Jambo la kwanza ni vita vyenyewe. Mapigano ya Passchendaele, katika nchi ya Ubelgiji, yalianza tarehe 31 Julai 1917 na kumalizika tarehe 10 Novemba mwaka huohuo. Mvua na mizinga viliigeuza ardhi kuwa matope ambamo watu na wanyama walizama. Waliokufa na kujeruhiwa katika pande zote mbili walikuwa laki kadhaa, na ardhi iliyotekwa ilikuwa ya kilomita chache tu.

Jambo la pili ni ugonjwa wa akina Birkin. Katika mwezi wa Februari 1915 daktari Charles Myers aliandika katika jarida la kitabibu The Lancet juu ya askari waliopoteza kuona, kunusa au kumbukumbu baada ya mizinga kulipuka karibu nao. Hapo mwanzo madaktari wengi walidhani kwamba mshindo wa mizinga ulikuwa umeudhuru ubongo. Baadaye ilionekana kwamba hata askari ambao hawakuwa karibu na mlipuko walipatwa na kutetemeka, ububu, kigugumizi na majinamizi. Katika hospitali ya Craiglockhart, karibu na Edinburgh, daktari W. H. R. Rivers aliwatibu maofisa kwa mazungumzo ya upole, akipinga shauri la kuwaambia wajilazimishe kusahau. Lakini si wote waliopata bahati hiyo. Askari 306 wa Uingereza na makoloni yake waliopigwa risasi na jeshi lao wenyewe kwa makosa kama utoro na woga hawakusamehewa hadi mwaka 2006, na inaaminika kwamba miongoni mwao walikuwamo wagonjwa wa namna hii.

Jambo la tatu ni chokaa. Makanisa mengi ya Uingereza ya zamani yalikuwa na picha kubwa ukutani, kwa sababu waumini wengi hawakujua kusoma. Picha ya Siku ya Hukumu iliwekwa mahali ambapo kila mtu angeiona, mara nyingi juu ya tao linalotenga mahali pa waumini na mahali pa makasisi. Katika karne ya 16, hasa wakati wa Mfalme Edward wa Sita (1547–1553), viongozi wa matengenezo ya dini waliamuru picha hizo zifunikwe kwa chokaa. Chokaa iliificha picha, lakini mara nyingi iliihifadhi pia.

Mwanachuo wa Tanzania au Kenya asidhani kwamba vita hivyo vilikuwa vya mbali. Vilipiganwa hapa pia. Jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam, na lile la Kariokor mjini Nairobi, yametokana na kikosi cha wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi la Waingereza, na makumi ya maelfu ya wapagazi hao walikufa kwa njaa, uchovu na maradhi. Mapigano ya Ulaya yalisimama tarehe 11 Novemba 1918, lakini majeshi ya Wajerumani ya Afrika Mashariki yaliweka silaha chini huko Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba. Waliorudi vijijini kutoka vita vile hawakukuta daktari Rivers akiwangojea.

Funzo la kwanza: Chokaa haivunjwi kwa nyundo

Tumtazame Birkin kazini. Hajui kuna nini chini ya chokaa. Akikwangua kwa nguvu atakwangua na picha yenyewe. Kwa hiyo anafanya kazi katika eneo dogo, anangoja, anatazama, anaendelea. Kasisi anataka kujua kazi itakwisha lini, na Birkin hawezi kumpa jibu la kumridhisha.

Wakufunzi hufundisha kwamba mwalimu aanze na yale ambayo mtoto anayajua ndipo aende kwenye asiyoyajua. Hayo ni kweli, lakini wanachuo wengi huyatimiza kwa maswali matatu ya haraka mwanzoni mwa kipindi, kisha wakaandika katika andalio la somo kwamba hatua imekwisha. Birkin anatukumbusha kwamba kujua kilichomo ndani ya mtu ni kazi ya siku nyingi. Mtoto anayenyamaza darasani si ubao mtupu. Huenda ni ukuta wenye picha iliyofunikwa na njaa, msiba nyumbani, lugha ngeni, au aibu aliyotiwa na mwalimu aliyetangulia. Anayemwita mjinga amekwisha kuikwangua picha.

Funzo la pili: Mtu mwenye kigugumizi na wasikilizaji wake

Kuhusu funzo hili tunapenda kueleza kisa tulichokishuhudia, na ambacho sisi wakufunzi hatukutoka ndani yake bila lawama.

Katika mazoezi ya kufundisha, mwanachuo wetu mmoja alipewa darasa la nne. Katika kipindi cha Kiswahili alimwita mvulana mmoja asome kwa sauti. Mvulana alisimama, akafungua kinywa, na neno la kwanza halikutoka. Watoto wakacheka. Mwanachuo, kwa nia njema kabisa, akalitamka neno lile kwa niaba yake. La pili likakwama, akalitamka na hilo. Kisha akasema, "Usiogope, hatutaendelea mpaka umalize." Mvulana alisimama pale muda mrefu, jasho likimtoka, hata aya ikaisha kwa vipande. Sisi tulikuwa tumeketi nyuma na daftari zetu. Tuliandika kwamba mwalimu ana subira, tukampa alama nzuri. Kwa siku tatu zilizofuata mvulana hakuja shule.

Tulipoitazama sinema hii pamoja na wanachuo miezi michache baadaye, mwanachuo yule ndiye aliyetuambia alichokiona. Alisema kwamba Moon na watu wa nyumbani kwa Ellerbeck hawamwambii Birkin asiogope, wala hawammalizii maneno yake. Wanamngoja kama mtu anavyomngoja mwenzake afunge kamba ya kiatu, kisha mazungumzo yanaendelea. Kadiri siku zinavyopita, kigugumizi cha Birkin kinapungua bila mtu yeyote kukitaja. Tuliona haya, kwa kuwa tulichokiita subira kilikuwa ni kumweka mtoto kizimbani.

Hata hivyo yafaa tutofautishe mambo mawili. Kigugumizi cha Birkin kimetokana na vita. Kigugumizi cha watoto wengi si cha namna hiyo. Kwa kawaida huanza kati ya umri wa miaka miwili na mitano, hakisababishwi na woga wala uvivu, na hakionyeshi upungufu wa akili. Lakini aibu na haraka hukizidisha. Kwa hiyo mwalimu afuate kanuni hizi:

1. Amtazame mtoto usoni kwa utulivu na kungoja, bila kummalizia neno.

2. Asimwambie "sema polepole" au "vuta pumzi" mbele ya wenzake. Badala yake, mwalimu mwenyewe aseme polepole.

3. Asimwondoe katika zamu ya kusoma kana kwamba hayupo, wala asimshtukize. Azungumze naye faraghani juu ya namna anayopendelea kushiriki.

4. Atumie kusoma kwa pamoja, wawili wawili au kundi zima, maana wengi wenye kigugumizi husoma kwa wepesi zaidi wakisoma pamoja na mwenzao.

5. Azuie kicheko cha darasa mara moja, bila hotuba ndefu.

Mwanachuo yule aliporudi darasani kwa awamu ya pili alizifuata kanuni hizo. Mvulana alisoma pamoja na jirani yake wa dawati, kisha wakasoma kwa kupokezana. Alipewa pia kazi ya kutunza zana za kufundishia na kutundika chati ukutani. Hatusemi kwamba alipona. Siku ya mwisho alikuwa bado ana kigugumizi. Lakini aliinua mkono mwenyewe, akasoma mistari miwili peke yake, na darasa lilingoja.

Funzo la tatu: Kazi yenye maana na jirani mwema

Tukiuliza ni nini kilichomponya Birkin kwa kiasi alichopona, jibu la sinema si moja. Alikuwa na kazi ambayo mikono yake iliiweza, na kila jioni aliweza kuona ilipofikia. Alikuwa na mwenzake ambaye hakuhitaji kuelezwa vita ni nini. Alikula mezani pa watu. Watoto walimletea nyimbo, kwa kuwa walitaka tu kukaa naye. Hakuna mmoja kati yao aliyekusudia kumtibu.

Miongoni mwa wanafunzi wenu wanaweza kuwamo watoto waliokimbia mapigano pamoja na wazazi wao. Mkoa wa Kigoma, kwa mfano, umewapokea wakimbizi kutoka Burundi na Kongo kwa miongo mingi. Mwalimu si daktari, naye asijaribu kuichimbua habari ya mtoto mbele ya darasa, hata kwa kisingizio cha somo la insha. Mada kama "Siku niliyoogopa sana" ni hatari ikilazimishwa. Mpe mtoto kazi yenye maana, mpe rafiki wa kukaa naye, weka ratiba isiyobadilikabadilika ili ajue kesho italeta nini. Akitaka kusema mwenyewe, msikilize, na aliyokuambia usiyapeleke katika chumba cha walimu kama hadithi. Ukiona majinamizi, ububu wa muda mrefu au kujidhuru, mshauri mzazi na mwalimu mkuu ili mtoto apelekwe kwa wataalamu wa afya.

Tena kumbukeni habari za Moon. Mtoto mcheshi, anayejibu upesi na kuchekesha wenzake, asihesabiwe kuwa hana mzigo. Mara nyingi mwalimu humwona anayelia na kumsahau anayecheka.

Namna ya kuitumia sinema hii chuoni

Sinema ina urefu wa saa moja na nusu na zaidi kidogo. Twapendekeza vipindi vitatu.

Kipindi cha kwanza: Mkufunzi aeleze mambo ya historia tuliyoyataja, kwa ramani ya Ulaya na ya Afrika Mashariki. Wanachuo waandike yale wanayoyatazamia.

Kipindi cha pili: Sinema itazamwe yote bila kusimamishwa. Utulivu wake ni sehemu ya funzo, na mkufunzi anayeikatiza kila mara kueleza jambo anaiharibu. Lugha yake ni Kiingereza cha watu wa Yorkshire, ambacho si chepesi, kwa hiyo muhtasari wa Kiswahili ugawiwe kabla.

Kipindi cha tatu: Majadiliano katika makundi ya watu watano au sita. Kila kundi lichague tukio moja tu na kueleza nani alinyamaza, nani alingoja, na nini kilitokea baadaye.

Hitimisho

Sinema hii haisemi kwamba mtu huponyeka kabisa. Birkin anaondoka Oxgodby akiwa na jeraha jipya la upendo ambao hakuutamka. Lakini picha imeonekana, na mtu aliyetengwa kwa karne nyingi amejulikana alikuwa nani. Mwalimu naye hupewa watoto kwa muda mfupi, kisha huenda zao. Hataona mwisho wa kazi yake. Litakalomhukumu ni kama alipowaacha picha ilikuwa imeonekana zaidi au imekwanguliwa zaidi.

Maswali ya kujadili

1. Kasisi Keach ni mtu mbaya, au ni mtu aliyechoka na asiyesikilizwa? Toeni sababu.

2. Elezeni tofauti kati ya kumngoja mwanafunzi na kumsimamisha mbele ya darasa hadi amalize.

3. Tayarisheni andalio la somo la kusoma kwa darasa la nne lenye mwanafunzi mmoja mwenye kigugumizi na wawili waliohamia shuleni mwezi huu kutoka mahali penye vita. Onyesheni katika kila hatua mwalimu atafanya nini, na hasa hatafanya nini.

4. Waulizeni wazee wa kijiji jirani, kwa heshima na kwa ruhusa yao, juu ya maisha ya waliorudi kutoka Vita vya Kagera vya 1978–1979. Asiyependa kueleza asilazimishwe. Andikeni pia jinsi mlivyojua kwamba wakati wa kunyamaza ulikuwa umefika.